Jina la ndani nalo liko na mwenyewe

Bandugu wasomi, leo niruhusuni nitoe maoni juu ya kitu ambacho wengi tunakipita haraka: faili ya zoni ya DNS na jina la domeni ya ndani. Najua, wale wa sheria na wale wa uchumi wako tayari kupita. Mungojee kidogo. Kliniki, shule na koperative mutakazofanyia kazi zitakuwa na rezo yao ya ndani, na mtu mmoja kati yetu njo ataipa jina. Jina lile likiwa baya, atakayeteseka si yeye peke yake.

Nimesoma TFC nyingi za wenzetu wa informatiki. Kuko zenye mchoro mzuri wa rezo, kuko zenye bajeti iliyofikiriwa, kuko ata zenye kupima kasi ya laini. Lakini ukifika kwenye sura ya mwisho, pale mwanafunzi anaonyesha seva yake ya DNS, unakuta karibu kila mara faili moja ile ile. Jina la taasisi limebadilika, adresi zimebadilika, faili imebaki. Na jina la domeni linaishia na .local. Hakuna ukurasa unaoeleza ni kwa nini.

Kwa hiyo nataka tuisome faili hiyo kama tunavyosoma maandishi mengine: ilitoka wapi, iliandikwa kwa kazi gani, inasema nini, na je, yule anayeweka jina lake kwenye kava anakubaliana na yale inayosema?

Kwanza, neno moja kwa wale wasio wa fani. Masini zinaongea kwa namba. Watu tunakumbuka majina. Zamani, kwenye rezo ya kwanza ya Marekani, majina yote yalikuwa kwenye faili moja, HOSTS.TXT, iliyotunzwa Stanford Research Institute, na kila mtu alikuja kuichukua pale. Masini zilipoongezeka, njia hiyo ilishindwa. Mwaka 1983 Paul Mockapetris akatoa mpango wa DNS, na mwaka 1987 ukaandikwa upya katika RFC 1034 na 1035, ambazo zingali msingi hadi leo. Wazo lake kubwa ni ugawaji wa madaraka: kila kipande cha mti wa majina kinapewa mtu wa kukitunza. Kipande hicho njo zoni. Faili ya zoni ni karatasi ambapo mtunzaji anaandika: hapa ni kwangu, majina yangu ni haya, adresi zake ni hizi, na munikumbuke kwa muda huu. Ni tamko la mwenye mahali.

Sasa tusome faili yetu. Anayetumia Debian ao Ubuntu akiweka BIND, anakuta faili inayoitwa db.local tayari iko ndani ya /etc/bind. Masomo mengi yanamwambia: ikopi, uipe jina la domeni yako, ubadilishe mistari miwili mitatu. Mwanzo wake uko hivi:

$TTL 604800
@ IN SOA localhost. root.localhost. (
2 ; 604800 ; 86400 ; 2419200 ; 604800 )

(Namba tano za mwisho nimezipanga kwenye mstari mmoja ili tuzione pamoja; katika faili ya kweli kila moja iko na mstari wake.)

Faili hiyo haina kosa. Iliandikwa kwa kazi moja ndogo: kumwambia localhost kwamba adresi yake ni 127.0.0.1. Jambo hilo halitabadilika kamwe, njo maana namba zake ni kubwa na zimetulia. Ugonjwa unaanza pale inapofanywa mfano wa rezo yenye watu, printa, na seva zinazohamishwa kila mwaka.

Angalia 604800. Ni sekunde, ni sawa na siku 7. Maana yake, unamwambia kila anayekuuliza: jibu hili ulishike kwa wiki nzima. Siku seva ya faili za wagonjwa inaungua na unaweka nyingine yenye adresi nyingine, kuko masini zitakazoendelea kutafuta maiti. Namba ya mwisho, 604800 tena, ni ya majibu ya "hakuna": jina lisilokuwepo, kumbuka kwa siku 7 kwamba halipo. Tangu RFC 2308 ya mwaka 1998 njo hiyo maana yake. BIND yenyewe, ikiwa inauliza kwa niaba ya wengine, inakata muda huo hadi saa 3 isipoambiwa vingine, sawa vile mzazi anapunguza maneno ya mtoto anayeahidi mno. Lakini kwenye kazi ya mwisho ya masomo, sioni sababu ya kuandika kitu ambacho programu nyingine inalazimika kukirekebisha nyuma yako.

Halafu ile 2. Ni namba ya mfululizo. Seva ya pili inaiangalia: ikiona imepanda, inachukua kopi mpya, ikiona ni ile ile, inalala. Nimeona kazi ambapo mwandishi anaonyesha seva mbili, ya kwanza na ya akiba, na picha za rekodi mpya alizoongeza, lakini namba imebaki 2 tangu mwanzo. Hiyo ina maana seva ya akiba haina habari ya rekodi zile. Desturi nzuri ya kuandika tarehe pamoja na namba ya mara, kwa mfano 2025031402 kwa badiliko la pili la siku ile, imo katika RFC 1912 ya mwaka 1996. Si sheria, lakini anayekuja nyuma yako anaona mara moja ni lini faili iliguswa.

Na ile 604800 ya kati? Ni muda ambao seva ya pili inangoja mbele ya kuja kuuliza kama kuna mapya. Siku 7. Watu watasema: lakini BIND inatuma ujumbe yenyewe kukiwa na badiliko. Ndiyo, inatuma, na mara nyingi unafika. Lakini sisi tunajua umeme wetu. Seva mbili zinaweza kuwa kwenye betri wakati switchi ya katikati imezimika. Ujumbe unapotea, na seva ya pili inabaki na habari za zamani hadi wiki ipite. Kwa rezo ndogo, saa 1 ingetosha. Mwanafunzi anayeandika kurasa kumi juu ya "mazingira ya utafiti", anaeleza mtaa na historia ya taasisi, halafu anaacha namba ambayo haijui kama umeme unakatika, huyo mazingira ameyaandika tu, hajayatumia.

Kuhusu root.localhost., ile njo adresi ya barua-pepe ya mtunzaji: nukta ya kwanza inasimama pahali pa alama ya @. Katika faili nyingi imebaki vile vile. Yaani mbele ya swali "nani anajibu juu ya zoni hii?", faili inajibu: hakuna mtu.

Na nukta ya mwisho? Jina lililo na nukta mwishoni limekamilika. Lisilo na nukta linaongezewa jina la zoni. Kitu kidogo. Lakini tarehe 12 Oktoba 2009, huko Sweden, programu inayotengeneza zoni ya .se ilisahau nukta hizo wakati wa matengenezo ya kawaida. Majina yakaongezewa .se ya pili, na domeni za nchi nzima, karibu 900,000, zikaanguka. Kosa lilirekebishwa haraka, lakini majibu mabaya yalikuwa tayari kwenye kashe za watu, na TTL haina huruma. Kama hawa wataalamu waliangushwa na nukta, sisi tunaokopi tuko na sababu zaidi ya kuhakiki. BIND iko na chombo cha kazi hiyo, named-checkzone. Hakimaliziki makosa yote, lakini ni amri ya mstari mmoja, na katika TFC nilizosoma sijaona hata moja inayoonyesha jibu lake.

Sasa tufike kwenye jina lenyewe, juu njo hapo lawama yangu kubwa iko.

.local haikutoka mbinguni. Kwa miaka mingi Microsoft yenyewe iliipendekeza ndani ya Small Business Server, na mafundi duniani kote wakaizoea. Ilionekana jina zuri: ni la ndani, ni la bure, halimsumbui mtu. Upande mwingine, Apple ilikuwa inaitumia kwa njia nyingine, ile ya masini kutafutana bila seva. Mwezi wa pili 2013, RFC 6762 ikamaliza mazungumzo: kila jina linaloishia na .local linaulizwa kwa sauti ya jumla, kwenye adresi 224.0.0.251, mlango 5353. Yaani masini haimuulizi mtunzaji, inapiga kelele barazani: "Nani anaitwa hivi?"

Ukiweka zoni yako chini ya .local, umeweka ofisi mahali ambapo sheria inasema kuna baraza. Masini moja inapita kwa seva yako bila shida. Nyingine inapiga kelele kwanza, inangoja, halafu inakuja. Nyingine, kutegemea jinsi ilivyopangwa, haiji kabisa. Njo maana unasikia: "Kwangu inafungua, kwa sekretari inachelewa, kwa yule wa Mac inakataa." Fundi anabadilisha kebo, anabadilisha switchi, anamlipisha mteja. Kebo haina kosa. Jina njo lina kosa.

Mwingine atasema: basi nitatunga lingine, .corp ao .lan ao .kliniki. Ndugu yangu, hapo umetoka kwenye baraza la watu wote, umeingia kwenye kiwanja kisicho na hati. Sisi wa nchi hii tunajua hadithi ya viwanja. Mtu anajenga, miaka kumi inapita, watoto wanazaliwa pale. Siku moja anakuja mwingine na karatasi halali kutoka kadastri. Hata majirani wote wakishuhudia kwamba uko pale tangu zamani, karatasi njo inaongea.

Kwa majina ya intaneti hadithi hiyo imetokea kweli. Waandishi wa programu wengi walizoea .dev kwa kazi zao za ndani. ICANN ikafungua nafasi za majina mapya, .dev ikapewa Google, na mwezi wa 12 mwaka 2017 Chrome ikaanza kulazimisha HTTPS kwa kila jina la .dev, kazi za watu zikaacha kufunguka kwenye masini zao wenyewe. Kampuni ya Ujerumani AVM ilifundisha wateja wake kuandika fritz.box ili wafungue ruta yao. Kisha .box ikawa domeni ya kweli, na mwezi wa kwanza 2024 mtu asiyehusika akasajili fritz.box. Aliyeandika jina hilo akiwa nje ya ruta yake alifika kwa mgeni. AVM ilibidi ipite njia ya malalamiko ndiyo irudishiwe.

Na kisa cha corp ni kibaya zaidi. Jina hilo lilitumiwa katika mifano ya zamani ya Active Directory, na makampuni mengi yakalikopi bila kuuliza, sawa vile sisi na db.local. Wakati huo, Mike O'Connor alikuwa amesajili corp.com tangu 1994. Kompyuta za wafanyakazi zikiwa nje ya ofisi, zilikuwa zinatafuta "corp" yao na kuishia kwa corp.com, zikibeba habari za kuingilia. Watafiti walioangalia mwaka 2019 waliona mamia ya maelfu ya kompyuta zikigonga mlango ule. Mwaka 2020 Microsoft ikanunua jina hilo, ili lisiangukie mikononi mwa mwizi. Makampuni yenye mainjenia wengi yaliokolewa na mnunuzi tajiri. Kliniki yetu ya mtaa, nani ataiokoa?

Wengine watanijibu kwamba ata hati zenyewe zinabadilika. Kweli, na nchi yetu ni mfano. Tulikuwa na .zr. Mwaka 1997 Zaire ikawa Kongo, .cd ikaingia, na mwaka 2001 .zr ikaondolewa kwenye mzizi. Jina halali lilikufa pamoja na jina la nchi. Lakini angalia tofauti: kulikuwa na miaka ya kuhama, na kulikuwa na mtu wa kuuliza. Aliyejenga bila hati hapewi ata barua ya kumwambia ahame.

Sasa tufanye nini? Kuko njia tatu safi, na kila moja iko na bei yake.

Ya kwanza: kama taasisi iko na domeni yake iliyosajiliwa, kata kipande cha ndani: ndani.domeni-yenu.cd. Kipande, siyo jina lenyewe la saiti. Ukitumia lile lile, wafanyakazi walio ndani wataanza kushindwa kuona saiti yao wenyewe. Faida kubwa ni usalama: Let's Encrypt inaweza kukupa sertifika ya bure kwa kuangalia rekodi ya TXT, bila seva yako kuonekana nje. Bei yake ni kulipia domeni kila mwaka, na mtu wa kukumbuka tarehe.

Ya pili: .internal. Tarehe 29 Julai 2024 baraza la ICANN liliamua kwamba jina hilo halitapewa mtu kamwe kwenye mzizi. Limewekwa kwa matumizi ya ndani. Ni bure. Bei yake: hakuna mtoa sertifika wa umma atakayekusainia, maana tangu Novemba 2015 majina ya ndani hayapewi tena sertifika za umma. Itabidi utengeneze mamlaka yako ya sertifika na kuiweka kwenye kila masini. Pia, majirani wawili wanaweza kuchagua jina moja, na siku wakiungana watagongana.

Ya tatu, kwa nyumbani: home.arpa, ya RFC 8375 ya mwaka 2018. Na kwa mazoezi ya darasani, .test imehifadhiwa tangu 1999. Mwanafunzi anayeonyesha mfano tu aandike .test, na sitamlaumu.

Nasikia pingamizi: "Sisi intaneti inakatika, domeni ya kweli itatusaidia nini?" Hapo kuna kuchanganya. Zoni ya ndani inakaa kwenye seva yenu ya ndani. Laini ikikatika, ndani.domeni-yenu.cd inaendelea kujibu ndani kama kawaida. Unachonunua ni uhakika kwamba hakuna mwingine atakayeitwa hivyo. Haulazimiki kutoka nje ili ujiulize jina lako.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: "Tayari tuko kwenye .local tangu miaka, tubomoe?" Sisemi mubomoe. Kubadilisha jina la domeni ya Active Directory ni kazi ngumu, na pale Exchange iko ndani Microsoft haikubali kabisa. Kama nyumba inasimama, ikae, muandike tu kwenye daftari hatari zake, na muwaambie wanaofuata. Lakini ugumu huo wa kubomoa njo sababu ya kumlaumu anayeanza leo. Ruta itabadilishwa, seva itauzwa, mkurugenzi ataenda. Jina litabaki. Katika mradi mzima, uamuzi uliochukua sekunde tano njo unaoishi kuliko yote, na haukuandikiwa ata sentensi moja.

Kwa hiyo lawama yangu haiwaendei wanafunzi peke yao. Waheshimiwa wa jury wanauliza dhana, wanauliza metodi, wanahesabu makosa ya alama za uandishi. Ningependa waulize pia maswali manne: Jina hili ni la nani? TTL hii uliichagua kwa sababu gani? Namba ya mfululizo inapandaje? Na adresi iliyo kwenye SOA, nani anaisoma? Mwanafunzi akijibu hayo kwa dakika tano, ameonyesha kwamba anaelewa zoni. Akishindwa, kurasa themanini hazitamsaidia siku seva ya kliniki inahamishwa na muuguzi anangoja faili ya mgonjwa ifunguke.

Tunalalamika kwamba watu hawaamini diploma zetu. Kopi inaonekana, bandugu. Fundi mzoefu akifungua faili yako na kukuta root.localhost. ndani ya hospitali, amekwisha kujua ulisoma namna gani. Anza na mstari huo. Weka adresi ambayo mtu anaisoma kweli.